BARAFU KAVU NA PUMZI YA DEREVA

Vyama vya msingi vya wavuvi na vya wafugaji hulazimika mara nyingine kusafirisha samaki au sampuli za maabara kwa barafu kavu. Wengi huiogopa kwa baridi yake, nayo kweli ni kali: nyuzi 78 chini ya sifuri, hata huunguza ngozi kama moto. Lakini baridi humdhuru aishikaye tu. Hatari iliyo kubwa zaidi haina rangi wala harufu.

Barafu kavu si maji. Ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa, nayo haiwi majimaji bali hugeuka moja kwa moja kuwa hewa. Kilo 1 hutoa lita zipatazo 500 za hewa hiyo. Ndani ya motokaa ndogo mna nafasi ya lita kama 3,000. Basi nusu kilo ikigeuka hewa huku madirisha yamefungwa, karibu sehemu 1 kati ya 12 ya hewa avutayo dereva yaweza kuwa kabonidayoksaidi. Ikifika sehemu 3 katika 100, pumzi huenda mbio na kichwa huuma. Ikifika 10 katika 100, mtu aweza kuzimia katika dakika chache. Mwaka 2018, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mwanamke mmoja alifariki ndani ya gari lililobeba masanduku ya barafu kavu ya kupozea aiskrimu.

Hewa hii ni nzito kuliko ya kawaida, hivyo hutuama mahali pa chini. Wakazi wa Goma huyajua mabonde yenye hewa ya namna hiyo itokayo ardhini, nao huyaita mazuku. Mnyama aingiaye humo hufa. Motokaa iliyofungwa kwa kuogopa vumbi haina tofauti kubwa na mazuku.

Mahali pake hasa, basi, ni nyuma ya pikapu iliyo wazi, sanduku likiwa limefungwa kamba lisiteleze. Chama kisicho na pikapu kichukue kiasi kidogo tu, madirisha yafunguliwe safari nzima, hata mvua ikinyesha, wala asipakiwe mtoto. Buti si kinga, kwani katika magari mengi hewa yake hupenya hadi kwa abiria. Gari lililosimama na mzigo huo lifunguliwe milango yote kwanza, ndipo dereva aingie. Akihisi kizunguzungu njiani, asimame na kushuka mara moja.

Yuko katibu mwenye bidii ambaye hulizungushia sanduku utepe hata lisivuje kabisa. Bidii hiyo ni ya hatari: hewa isiyopata njia hupasua chombo. Kifuniko kikae bila kukazwa, na chupa ya kizibo isitumike kamwe. Anayepakia avae glavu nene zilizo kavu.

Mabaki yaachwe nje penye upepo, mbali na watoto, yaishe yenyewe. Yasitupwe kisimani, chooni wala shimoni.