Lori ikikwama kwenye potopoto, urefu wa kamba una kazi yake

Mvua ikizidi, barabara ya Masisi kwenda Nyabiondo na Walikale inageuka potopoto, na malori yanakwama. Soko inangojea chumvi na sabuni, na ndizi za mkulima zinaiva ndani ya gari. Vijana wanafunga kamba, wanavuta kwa kelele, lakini gari haisogei. Si kila mara juu ya kukosa nguvu. Mara ingine shida ni namna kamba imekaa.

Nguvu inafuata kamba. Kamba ikilala sawa na barabara, nguvu yote inaenda mbele. Ikipanda, nguvu inagawanyika: sehemu moja inavuta gari mbele, ingine inaivuta kwenda juu. Dereva anahitaji ile ya mbele.

Tuchukue mfano. Vijana 20 wako juu ya kilima kidogo mbele ya lori. Mikono yao iko mita 3 juu kuliko pale kamba imefungwa kwenye gari. Kila kijana anavuta nguvu ya kilo 30. Zote pamoja ni kilo 600. Kamba toka gari mpaka kwao ni mita 5. Umbali ukipimwa chini ni mita 4. Basi 4/5 ya nguvu inaenda mbele: kilo 480. 3/5 inaenda juu: kilo 360. Na kilo 360 haziwezi kunyanyua lori ya tani nyingi.

Mbona 480 na 360 zinapita 600? Juu hizo sehemu mbili hazifuati njia moja. Ni kama kuzunguka shamba kwa pande mbili: unatembea zaidi kuliko yule aliyekata katikati.

Sasa vijana warudi nyuma, kilima kikiwa kile kile, kamba ifike mita 10. Nguvu ya mbele inapanda mpaka karibu kilo 572. Ya juu inashuka mpaka 180. Ni kama kuongeza karibu vijana 4, bila kumulipa mtu.

Iko vile vile kwa kusimama pembeni ya barabara: sehemu ya nguvu inavuta gari kwenye mufereji.

Kwa hiyo, mbele ya kuhesabu "moja, mbili, tatu", muangalie kamba kwanza: iwe ndefu, ilale chini, ielekee kule gari inakwenda. Na watoto wakae mbali, kwani kamba ikikatika inapiga kama fimbo.