Utii wa Mtumwa na Utii wa Mwana

Kila siku, asubuhi na jioni, Wakristo husali Sala ya Bwana, na katika sala hiyo humwomba Mungu kwamba alipendalo litendeke duniani kama litendekavyo mbinguni. Maneno hayo ni mepesi kinywani. Lakini mtu akitoka kanisani na kuingia shambani, sokoni au darasani, ndipo ijulikanapo kama aliyasema kwa moyo au kwa midomo tu. Maana mapenzi ya Mungu hayatendeki hewani. Hutendeka kwa mikono ya watu.

Wazee husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali hiyo ni ya kweli, lakini yaeleza sehemu moja tu ya utii, nayo ni hofu ya kuumia. Mtumwa naye hutii kwa hofu. Bwana wake akigeuka, jembe hulala. Mwana hutii kwa namna nyingine. Ajua ya kuwa shamba ni la baba yake, na mavuno yatakuwa chakula cha nyumba nzima. Basi hulima hata pasipo mtu wa kumtazama.

Tuseme wasichana wawili wa Buhongwa, kusini ya Mwanza, wametumwa maji na mama zao. Mmoja ananung'unika njia nzima, wa pili anakwenda kwa moyo mweupe. Wote wawili wanarudi na ndoo zilizojaa, na maji ya manung'uniko hukata kiu sawasawa na maji mengine. Tofauti ni nini, basi? Yule wa kwanza ametua ndoo yake, na kazi yake imekwisha. Kesho itakuwa lazima aamriwe tena. Yule wa pili, akipita kwa bibi jirani na kuona mtungi wake ni mkavu, humjazia bila kuagizwa. Anayetii kwa hofu hungoja amri. Anayetii kwa upendo huona haja ya mwenzake.

Mtu mmoja aliyezijua njia zote mbili ni Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko alikombolewa na mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, shirika lile lile lililofungua misioni ya Bukumbi, kusini ya Buhongwa, mwaka 1883. Mapadri wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika ya Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Atiman alikuwa amekwisha kuwa mtu huru. Kamba ya utumwa haikuwapo tena shingoni mwake. Hata hivyo alikaa Karema, mbali sana na nchi aliyozaliwa, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni zaidi ya miaka 60. Alioa huko, na mmoja wa wanawe akawa padri. Utumwani aliongozwa kwa nguvu asikokutaka. Katika uhuru wake alijifunga mwenyewe kwa kazi ya Mungu. Kumtii Mungu hakukumrudisha utumwani. Ndiko kulikomwonyesha uhuru ni wa kazi gani.

Tena, kumtii Mungu si kukubali kila neno la kila mwenye nguvu. Vijana wa jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda walikuwa watumishi wake, lakini walipotakiwa kuiacha imani yao walikataa. Karoli Lwanga na wenzake wengi, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Vivyo hivyo mtoto akitumwa na mkubwa wake kuiba au kusema uwongo, kwa adabu na akatae, kisha akamweleze mzazi au mwalimu. Amri ya binadamu hupimwa kwa amri ya Mungu.

Wala furaha ya utii si kucheka siku zote. Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, alihuzunika sana, akamweleza Baba yake huzuni yake pasipo kuificha, kisha akatii. Mwanafunzi anayeamka kukiwa bado giza ili amwuguze ndugu yake mgonjwa aweza kuwa na usingizi machoni na machozi pia. Furaha yake imo ndani zaidi: ajua anamtumikia nani, na ya kuwa kazi yake, hata ikiwa ndogo, haipotei mbele za Mungu. Furaha hiyo haitangulii kazi sikuzote. Mara nyingi hukutwa njiani, na yule aliyekwisha kuondoka.

Maswali
1. Utii wa mtumwa na utii wa mwana hutofautianaje?
2. Kwa nini Atiman alikaa Karema, naye alikuwa mtu huru?
3. Ni lini yafaa mtoto akatae kutumwa, na afanye nini baadaye?