Mashini ya Kukata Miti na Masikio Yako

Ndugu unayekata miti katika pori la Kilwa, unaogopa meno ya mashini yako, na unafanya vema. Je, sauti yake unaiogopa? Meno yakikugusa utaona damu, utakimbilia hospitali. Sauti haitoi damu. Inaua masikio pole pole, wala hakuna dawa ya kuyafufua.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Makelele makali huviua. Kisiki huchipuka mvua zikija. Vinyweleo hivi havichipuki.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Penye desibeli 85 mtu aweza kufanya kazi saa 8 kwa siku. Zikiongezeka 3, muda hupunguka nusu. Penye 100 ni dakika 15 tu. Mashini ya kukata miti mara nyingi hupita 100. Basi, afanyaye kazi tangu asubuhi hata jioni, masikio wazi, hujiharibu kila siku.

Jioni masikio yakilia, hiyo ni dalili. Kesho mlio ukinyamaza usiseme, "Nimepona." Kiziwi hasikii lori nyuma yake katika njia ya Pweto, wala mtoto wake akimwita.

Shika maagizo haya:

1. Funika masikio kwa vifuniko au vizibo vya kazi hii. Pamba haitoshi. Msaidizi wako naye afunike.
2. Kwa kuwa hamtasikiana, patanani kwanza alama za mkono. Wengine wasimame mbali, urefu wa mti mara mbili.
3. Washa mashini ikiwa chini, breki ya mnyororo imefungwa. Ishike kwa mikono miwili. Usikate kwa ncha yake. Itaruka kukurudia usoni. Usikate juu ya mabega.
4. Zima, ngoja ipoe, ndipo utie esanse. Usivute sigara hapo.
5. Usiiwashe usiku wala alfajiri karibu na nyumba. Wagonjwa na watoto wamelala.
6. Mtu akikatwa, gandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachilie, mpeleke hospitali upesi.

Nawe bwana wa kazi, Sheria ya Kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002 inakuagiza kulinda afya ya watu wako. Unapowanunulia esanse, wanunulie na vifuniko vya masikio.