Zamu ya Kukata Upepo

Jumamosi iliyopita nilifuatana na vijana wa baiskeli wa Homa Bay katika njia ya Mbita. Vijana hao si wa mchezo! Huandamana gurudumu kwa gurudumu: wa mbele hukata upepo wa ziwa, wa nyuma wakapata nafuu, akichoka hupisha, mwingine akashika zamu. Lakini, ewe msomaji, mwendo huo una hatari. Mmoja akiyumba, wengi huanguka. Agosti 2022 Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi alianguka mashindanoni huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Nilipoachwa mlimani, kiongozi wao alipunguza mwendo. Mbio ni sifa. Kumngoja mwenzio ni utu.