Majina ya Wazee Katika Biblia na Katika Daftari za Vita

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku, na mgeni akiuliza habari za mahali pale, huambiwa ni soko. Walakini jina lenyewe ni la vita. Waingereza walipoutwaa mji huu, mwezi wa Septemba 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikakiita Kariakoo.

Wapagazi walichukua vyakula na risasi vichwani mpaka Rufiji na mbali kuliko Rufiji. Waliokufa kwa bunduki walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Vifo vilivyoandikwa na serikali vilipita 40,000, na wachunguzi wa siku hizi wakadiria yapata 95,000. Sanamu ya Askari, iliyofunuliwa mjini mwaka 1927, yawataja wapagazi pamoja na askari, wala haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno, huenda 100,000 na zaidi, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Basi, ikiwa jiwe halina jina, litafutwe wapi? Mara nyingine limo sandukuni mwa bibi. Nyumba nyingi za Kikristo ziliandika ndani ya Biblia siku za kuzaliwa, za ubatizo, za ndoa na za kufa, na pengine kando ya jina moja liko neno "vitani" tu.

Kabla ya kuiamini tarehe, itazameni Biblia yenyewe. Agano Jipya la Askofu Steere wa Unguja lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Ya Kimvita ilifuata mwaka 1914, ya Dakta Roehl mwaka 1937, nayo ile ya Union mwaka 1952. Kifo cha mwaka 1917 kikiwa kimeandikwa katika Biblia ya 1952, kiliandikwa kwa kukumbuka, miaka thelathini na mitano baadaye. Si kusema ni uongo! Lakini yafaa kuuliza ni mkono wa nani, na ni nani aliyemsimulia. Wino ukiwa mmoja toka mstari wa kwanza hata wa mwisho, jueni kwamba huenda yote yaliandikwa siku moja.

Majina nayo yana taabu. Huyo Yohana wa Biblia huenda jeshini aliandikwa kwa jina alilopewa na babu yake, tena kama karani alivyolisikia. Kwa hiyo shikeni yote mawili, na jina la baba, na la kijiji, ndipo mwende kwenye vitabu vya ubatizo vya kanisa, au Nyaraka za Taifa huko Upanga. Shajara za vikosi zilizoko London kwa kawaida hutaja hesabu ya wapagazi, si majina. Waliopigana na Keya katika vita vya pili, hata Burma mwaka 1944, huenda waliacha nyumbani cheti cha kuachishwa jeshi au nishani; namba iliyomo ina faida kuliko picha.

Karatasi hizi si za kuchezea. Mwaka 1964 Wadachi walipowalipa askari wao wa zamani, yasimuliwa kwamba wachache tu walileta vyeti vya mwaka 1918. Wengine walipewa ufagio wauchukue kama bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa upande wa Waingereza haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Waalimu, wanafunzi wenu waweza kuunakili ukurasa huo, au kuupiga picha, mchwa wasije wakautangulia. Nakilini herufi kama zilivyo, hata zilizokosewa. Usahihisho wenu uwekwe pembeni, pamoja na jina la mzee aliyeeleza na siku aliyoeleza.