Gogo la Ngoma Lisipasuke

Wengi wenu katika skimu mna mringaringa mpakani mwa shamba. Waluhya huuita mukomari, na Wakikuyu muringa. Ukikatwa, mara nyingi huishia jikoni, na ni hasara, kwani gogo lake lafaa sana kuchongwa ngoma. Ngoma nzuri yatakikana: mwaka 2014 UNESCO iliandika isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kuwa mchezo unaohitaji kulindwa upesi.

Adui wa mchongaji ni ufa. Gogo bichi limejaa maji, na likikauka hunywea. Lakini halinywei sawasawa: kwa kuzunguka hunywea karibu mara mbili kuliko kuelekea moyoni. Ndiyo sababu gogo zima likianikwa juani hupasuka kutoka nje mpaka ndani, na mti wa miaka mingi umepotea. Basi usingoje likauke. Litoboe lingali bichi. Moyo ukisha kutoka, mti uliobaki hupata nafasi ya kunywea.

Kata kipande kirefu kuliko ngoma unayotaka, kwa kuwa ncha hupasuka kwanza, nawe utazikata baadaye. Ambua ganda, utoboe kwa patasi ndefu kutoka pande zote mbili, ukiacha unene wa vidole viwili. Upande mmoja usiwe mnene na mwingine mwembamba. Hapo ndipo ufa huanzia. Paka ncha nta au mavi ya ng'ombe, uliweke kivulini penye hewa, mbali na moto, kwa miezi michache. Mwenye mizani na apime kila wiki: uzito usipopungua tena, limekauka. Sasa lichonge mpaka unene wa kidole kimoja.

Ngozi ya mbuzi yafaa ngoma ndogo, ya ndama ngoma kubwa. Iloweke mpaka ilegee, uikwangue nyama na manyoya, uivute sawasawa na kuipigilia vijiti vya mti mgumu. Nayo ikauke kivulini. Jua kali huivuta ghafula ikachanika. Habari za ngozi ya kenge tuwaachie wazee wasimulie, maana sheria ya mwaka 2013 yakataza kuwinda wanyama wa pori.

Kabla ya kukata, muulize Bwana Misitu kama wahitaji kibali. Kisiki cha mringaringa huchipua tena. Kizungushie miiba, mbuzi wasile machipukizi.