Mtoto ameumia baada ya chanjo? Usitie saini haraka

Wazazi wa Kansay na kwingineko Karatu huniuliza: mtoto akipata madhara baada ya chanjo, nani analipa?

Anza na kituo, mahakama baadaye. Homa ya siku moja au mbili na uvimbe kidogo ni kawaida. Degedege, jipu, mguu kulegea au kupumua kwa shida, mrudishe siku hiyohiyo na uombe ijazwe fomu ya taarifa ya madhara, ambayo huenda hadi TMDA. Humo huandikwa namba ya toleo la chanjo. Kichupa kikishatupwa, kuitafuta ni kazi. Kadi ya kliniki itunze kama hati ya shamba.

Daktari hataandika kwamba chanjo ndiyo chanzo kwa sababu tu ugonjwa umeifuata. Wakati mwingine kosa ni la sindano au uhifadhi, na huo ni uzembe, madai tofauti kabisa.

Marekani ina mfuko wa fidia tangu 1988, usiodai uthibitishe kosa la mtu. Kwa chanjo za UVIKO-19 zilizogawiwa na COVAX, mpango wa aina hiyo ulifunguliwa mwaka 2021 kwa nchi 92, Tanzania ikiwemo. Kuomba kulikuwa bure, na aliyepokea malipo alisaini kuachana na kesi. Kwa chanjo za kawaida za watoto hatuna mfuko huo. Iliyobaki ni njia ya madai, na ukitaka kuishtaki Serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90.

Mengi huishia mezani, na hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto wa miezi minne hajulikani bado atatembeaje. Ukipokea leo kwa maneno “malipo ya mwisho”, mazoezi ya viungo ya miaka ijayo na nauli ya kwenda KCMC Moshi vitatoka mfukoni mwako. Omba kwanza ripoti ya daktari inayoeleza hali itakavyokuwa. Kama bibi ndiye mlezi na Kiswahili cha kisheria kinamshinda, asomewe kwa Kiiraqw kabla ya dole gumba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawapa wasio na uwezo haki ya kusaidiwa bure. Ulizia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Dozi zilizobaki? Zungumza na daktari kwanza, maana kuna chanjo chache ambazo mtoto huyo huenda asirudie. Wadogo zake waendelee na kliniki kama kawaida.